Mshukiwa wa vita ashafika miaka 90 na ushee: bado kortini ama aachiwe Mola wake?

Kiwandeo (Lamu)
Salaam aleikum wote. Kuna bishano lilianza jana barazani Mkunguni na watu wakaenda kulala halijaisha, nalileta hapa. Mwamkumbuka Kabuga, yule tajiri wa Rwanda alietuhumiwa kufadhili mauaji ya 1994 na ile redio RTLM iliokuwa ikiwaita Watutsi mende? Katafutwa miaka 26, Mei 2020 akashikwa kwenye fleti Asnières-sur-Seine karibu na Paris, yuwaishi kwa jina sio lake. Kesi ikaanza The Hague, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, Septemba 2022. Juni 2023 majaji wakasema mzee akili zimemtoka, hafahamu kinachosemwa mbele yake, na mwaka uo huo kesi ikasimamishwa bila tarehe ya kurudi. Hakuhukumiwa na hakusafishwa.

Mimi nasema wazi kesi za aina hii ziende mpaka mwisho hata mtu akiwa na miaka 100. Wenzangu wawili barazani wanasema kumburuta kortini mzee wa rika la babu yako ni kukosa utu. Mwaonaje nyinyi?

Muyeye_Boy (Malindi)
Mavi ya kale hayanuki. Mzee wa miaka 95 wamfunga ili iweje, hata hukumu ikitoka leo kesho ni janaza. Hizo pesa za majaji na mawakili na wakalimani wangewapa mayatima wa Rwanda ingekuwa na faida zaidi. Mimi siwatetei wauaji, nasema tu kuna wakati wa kila kitu na wakati wa hawa ulipita zamani.

BiMwenye
@Muyeye_Boy hayanuki kwako wewe ambae hukuyakanyaga. Muulize mama aliefukia watoto watatu 1994 kama kwake ni kale. Yeye pia kazeeka, mbona huyo hakuna anaemuonea huruma ya umri?

Muyeye_Boy
Bi mkubwa shikamoo, umeanza kunichapa kabla sijakaa vizuri 😅 lakini hapo kwa huyo mama umenigusa, nitarudi.

Kadzo_Wodini (Malindi)
Mimi kazi yangu ni kuuguza, na wagonjwa wangu wengi ni wazee, kwa hivyo niseme kitu kabla hamjaenda mbali. Msichanganye umri na akili. Nina mzee alikuwa mwalimu huku bara, kila jioni ukimuwekea sahani ya wali yuwaigawanya mafungu manne kwa kijiko, taratibu, halafu anangoja watoto waje kula. Watoto wenyewe wana wajukuu. Ukimuuliza mchana alikula nini hajui. Ukimuuliza kijiji alichosomesha mara ya kwanza atakutajia mpaka mwenye duka la hapo na deni alilomwachia. Sasa mtu kama huyu ukimweka kortini, ya zamani hwenda anayo yote, lakini hawezi kukaa na wakili wake akamwambia shahidi huyu anadanganya kwa sababu hii na hii. Kesi yataka akili ya leo. Na nina bibi mwengine ana 93, anahesabu pesa za mnazi wake mpaka shilingi ya mwisho na ukimpunja anakufuata. Huyo akiwa na kesi ya kujibu atajibu vizuri tu.

Kwa hivyo swali la miaka mingapi mimi naona sio swali. Apimwe.

Katana_Msabaha
Apimwe na nani lakini Kadzo? Mwakumbuka Pinochet, yule jenerali dikteta wa zamani wa Chile. Alishikwa London Oktoba 1998, akakaa kizuizini kwenye nyumba nzuri, Machi 2000 serikali ya Uingereza ikamwachilia ati madaktari wanasema hawezi kusimama kesi. Akapandishwa ndege. Alipofika Santiago akateremshwa na kiti cha magurudumu, akainuka mbele ya kamera akatembea kuwasalimia wanajeshi wake. Akaishi mpaka Desemba 2006, miaka 91, hakuhukumiwa hata kwa kesi moja. Kwangu mimi tangu siku ile ripoti ya daktari wa mkubwa siiamini kirahisi.

Kadzo_Wodini
Kutembea na kukumbuka ni vitu viwili Katana. Yule mwalimu wangu yuwatembea kunishinda mimi. Lakini nakubali wapo wanaojifanya, ndio maana hupimwa na zaidi ya daktari mmoja na wengine wanatoka upande wa mashtaka.

Wakili_wa_Mtaani (Lamu)
Naona maswali mawili yanavurugwa hapa.

La kwanza, je kosa linaisha muda? Kwa uhalifu wa kivita na mauaji ya kimbari jibu ni hapana. Mkataba wa Roma ulioanzisha mahakama ya ICC kifungu cha 29 kinasema makosa yake hayapitwi na wakati, na Kenya ni mwanachama tangu 2005. Ujerumani walifuta kabisa ukomo wa muda kwa kosa la mauaji 1979, baada ya kubishana bungeni kwa miaka. Hata katiba yetu ya 2010 kifungu cha 50 inasema mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo halikuwa kosa wakati alipolifanya, isipokuwa kama lilikuwa kosa kwa sheria ya kimataifa. Kwa hivyo mlango huo haujafungwa.

La pili, je huyu mtu mwenyewe anaweza kujitetea? Hapo ndipo penye ugonjwa na akili, na hapo ndipo Kabuga alipotokea. Wale majaji wa kwanza walitaka utaratibu mwengine, ushahidi usikilizwe tu bila kumtia hatiani, basi ijulikane kilichotokea. Majaji wa rufaa wakakataa Agosti 2023, wakasema sheria yao haina kitu kama hicho. Mimi binafsi nilisikitika sana. Wale mashahidi walikuwa washaanza kutoa ushahidi wao.

Muyeye_Boy
Nimerudi. Sawa wakili, sheria inaruhusu. Lakini hebu nielezeni hawa Wajerumani, vita viliisha 1945, walikuwa wapi miaka yote hiyo mpaka waje kushika vikongwe wa miaka 95? Wakubwa wenyewe walikufa kwenye vitanda vyao na pensheni. Sasa wanashika karani na mlinzi wa geti. Mimi hapo naona ni kujisafisha tu.

Katana_Msabaha
Hio ina jibu bro na ni la kisheria. Zamani Ujerumani ilikuwa lazima uthibitishe kwamba huyu mtu kwa mkono wake alimuua fulani siku fulani, na nani atathibitisha wakati walioona wote waliuawa? Mambo yakabadilika na kesi ya Demjanjuk. Alikuwa mlinzi wa Sobibor, kambi ya Wanazi wakati wa vita. Mei 2011 korti ya Munich ikasema kambi ile kazi yake ilikuwa moja tu, kuua, basi aliefanya kazi pale alisaidia mauaji. Alikuwa na miaka 91, akiingizwa kortini amelala kwenye kitanda, akapewa miaka 5 kwa kusaidia mauaji ya watu zaidi ya 28,000, akafia jela.

Baada yake ndio wakafuata wengine. Oskar Gröning aliekuwa akihesabu pesa za wafungwa Auschwitz, 2015, miaka 94. Josef Schütz mlinzi wa Sachsenhausen, 2022, miaka 101. Na Irmgard Furchner, sekretari wa mkuu wa kambi ya Stutthof, huyu siku ya kwanza ya kesi Septemba 2021 alitoka nyumba ya wazee akapanda teksi akatoroka, ana miaka 96! Wakamshika siku hio hio.

BiMwenye
Miaka 96 na akili ya kutoroka na teksi anayo. Haya Kadzo, huyo naye apimwe? 😂

Kadzo_Wodini
Huyo amejipima mwenyewe 😂

Nahodha_Mstaafu
Wanangu nimewasoma wote. Katana, marekebisho. Demjanjuk hakufia jela. Baada ya hukumu aliachiliwa angoje rufaa, akafia kwenye nyumba ya wazee Machi 2012, na kwa vile rufaa ilikuwa haijasikilizwa, kisheria hukumu yake haikukamilika. Kwa sheria ya kule kafa ni mtu asie na hatia.

Tena umeacha kipande kikubwa. Huyo huyo Demjanjuk alihukumiwa kunyongwa Israel 1988. Manusura wa Treblinka, kambi nyengine ya mauaji ya Wanazi, walisimama kortini wakalia, wakamnyoshea kidole wakasema ndiye huyu, ndiye aliekuwa akiendesha injini ya gesi, waliemwita Ivan Mkatili. Mahakama ya juu ya Israel ikaifuta hukumu 1993, kwa sababu zilitokea karatasi za Warusi zenye kuonyesha aliekuwa Treblinka huenda ni mtu mwengine kabisa. Watu wale hawakuwa waongo. Walikuwa wameumia na miaka ilikuwa imepita 40. Ndio maana mimi naziogopa kesi za uzeeni, na huruma kwa mshukiwa haimo hapo. Ushahidi nao unazeeka.

Wakili_wa_Mtaani
Shukran Nahodha. Ndio sababu zile kesi za Ujerumani za juzi zimesimama zaidi juu ya makaratasi, orodha za walinzi, vitambulisho, barua zilizopigwa chapa. Kumbukumbu ya sura ya mtu peke yake ni hatari.

Mwana_Rasini
Nilikuwa nasoma tu lakini hapo kwa Nahodha pamenikaa moyoni, basi naandika.

Sisi asili yetu ni Wabajuni wa upande wa bara kule kaskazini kuelekea Kiunga. Wakati wa shifta miaka ya 60 vijiji vilivamiwa, watu wakaacha mashamba na mifugo wakakimbia na mashua, wengine Faza, wengine Lamu mjini, sisi tukaishia Malindi. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo. Kakake mkubwa aliuawa usiku ule, na mpaka leo bibi anasema walikuja wakijua kila nyumba ya nani, kwa hivyo kulikuwa na mtu aliewaonyesha.

Sasa miaka ikapita sana, bibi ana wajukuu, siku moja amekaa barazani anachambua mchele akapita mzee na bakora yake anaenda kuswali alasiri. Akasalimia. Bibi akamuitikia vizuri, akasubiri mpaka amefika kona, akasema "ndiye huyo". Ungo umebaki mapajani, mkono wake umeshika chuya moja hauiwachi. Tangu hapo kila akipita bibi huitikia salaam na baada yake hanyanyui kichwa mpaka maghrib. Hatukwenda popote. Tungeenda wapi? Kwa chifu? Mzee alipofariki mtaa mzima ulikwenda mazikoni na baba yangu alibeba jeneza.

Mimi sijui kama ndiye. Bibi anajua. Ama anadhani anajua, sasa mumenitia wasiwasi na hio hadithi ya Demjanjuk.

Kiwandeo
Subhanallah. Pole sana Mwana_Rasini, mwambie bibi tunamsalimu. Na hii ndio naisema, yule mzee naye alikosa. Kama hakuwa yeye, korti ingemsafisha akaacha kutazamwa vile. Watu wafikiri kesi ni ya kumuadhibu mtu tu.

Ustadh_Pwani
Nichangie kwa upande wa dini kidogo kwa sababu kuna aliesema aachiwe Mola wake. Haki ziko mbili, ya Mwenyezi Mungu na ya waja. Yake Yeye akitaka kusamehe husamehe. Lakini damu ya mtu ni haki ya mja, na aliepewa hiari ni mwenye kufiwa, achague kisasi kwa hukumu ya kadhi, ama dia, yaani fidia ya damu, ama asamehe, na kusamehe ndio bora. Sasa nyinyi mnaosema mzee asamehewe, mmepewa hiari hio na nani? Mimi siwezi kusamehe damu ya kakake bibi wa Mwana_Rasini, wala wewe Muyeye_Boy. Na mtu hawezi kumsamehe mtu ambae hakukiri wala hakuulizwa.

Muyeye_Boy
Ustadh hapo sina pa kupita. Lakini yuko mama mmoja aliekuwa Auschwitz akiwa mtoto, Eva Kor, alikuja kwenye kesi ya huyo Gröning na akasema amemsamehe, na picha zikatoka wakishikana mikono. Manusura wenzake walikasirika sana. Sasa hapo mwenye haki ni nani, aliesamehe ama waliokataa?

Ustadh_Pwani
Kila mmoja kwa fungu lake. Yeye kasamehe lake, la wenzake hakuligusa.

Katana_Msabaha
Na Gröning mwenyewe alikiri kortini kwamba kimaadili ana hatia, akaiachia korti iamue ya kisheria. Akapewa miaka 4, akakata rufaa zote zikakataliwa, akafa Machi 2018 na miaka 96 kabla hajalala jela hata usiku mmoja. Nauliza, hio kesi ilikuwa bure? Mimi nasema hapana, kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasema kambi zile hazikuua mtu, na huyu mzee wa ndani kabisa alisimama akasema nilikuwepo na niliona.

Barawani91 (Malindi)
Sisi ni watu wa Barawa. Vita vya 1991 vilipoanza mji wetu uliibiwa na kila kundi lililopita, hatukuwa na silaha wala ukoo wa kututetea. Wazee wangu walikuja na majahazi mpaka Mombasa, wakakaa kambi ya Utange, baadae tukahamia huku Malindi. Mamangu akisikia mtu anagonga mlango usiku mpaka leo hasemi, yuwanyamaza na kuzima taa.

Nataka kusema tu kwamba wale waliotufanyia hivyo sasa ni wazee. Wako wenye maduka, wako wenye pasi za Ulaya, wengine ni waheshimiwa. Jenerali Samantar aliekuwa waziri wa ulinzi na waziri mkuu wa Siad Barre, mtawala wa Somalia kabla ya vita, aliishi Virginia huko Marekani kwa amani. Wasomali walioteswa na jeshi lake kaskazini wakamshtaki kwa kesi ya madai, mahakama ya juu ya Marekani 2010 ikasema sheria ya kinga ya serikali za nje haimlindi, 2012 akaamriwa alipe dola milioni 21. Akafa 2016. Kesi ya jinai hakuona hata moja. Basi mimi mtu akiniambia mzee aachwe apumzike namuuliza, mamangu apumzike lini?

BiMwenye
🙏🏽 Barawani91 umesema yote.

Muyeye_Boy
Pole ndugu yangu, walahi sikuwa na maana hio. Lakini ebu niulize kitu kingine na mnijibu kwa ukweli. Sisi tunaongea Rwanda, Ujerumani, Somalia. Hola iko hapo Tana River, ukitoka Malindi na basi la asubuhi mchana umefika. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari jela mpaka wakafa kwa sababu ya kukataa kazi, na serikali ya kikoloni mwanzo ikasema ati walikunywa maji mabaya. Nani alishtakiwa? Hakuna. Hata mmoja. Hapo Manda mbele ya Lamu kulikuwa na kambi ya kizuizini. Mbona hatukusikia mzee wa Kiingereza wa miaka 90 akiburutwa? Hizi kesi ni za walioshindwa vita. Ndio maana nasema mimi sina hamu nazo.

Nahodha_Mstaafu
Hapo kijana umesema jambo zito kuliko ulivyoanza. Babangu alikuwa akipeleka maji na chakula pale Manda na dau enzi hizo, na alikuwa hataki kuulizwa kuhusu alichokiona. Ukimuuliza husimama akaenda kuangalia nyavu.

Wakili_wa_Mtaani
@Muyeye_Boy ni kweli kwa jinai hakuna, lakini kuna sehemu ya hadithi hukuitaja. Wazee wetu ndio waliokwenda London kushtaki, wao wenyewe wakiwa na miaka 70 na 80. Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara. Huyo Wambugu alikuwa Hola siku ile, akapigwa akazimia wakamweka pamoja na maiti. Serikali ya Uingereza ikasema muda umepita, mashahidi wamekufa, kesi haiwezi kuwa ya haki. Maneno hayo hayo yenu ya mavi ya kale. Oktoba 2012 Jaji McCombe akasema hapana, kesi ya haki yawezekana, kwa sababu makaratasi yapo, na mengi yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, hifadhi ya siri ya serikali huko Uingereza. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kesi nyengine ya watu 40,000 iliokuja baadae ikatupwa 2018, na muda ndio uliowamaliza.

Sasa ona, muda unapopita yule mkosaji ndie anaefaidi. Ukisema uzee ni kinga, umemwambia kila mkubwa kazi yake ni kuchelewesha tu.

Katana_Msabaha
Na hapa Malindi kwetu, wangapi wanajua mji huu ulipigwa mabomu na ndege za Italia 1940? Waitalia haohao kule Uhabeshi walitumia gesi ya sumu, na Februari 1937 Addis Ababa waliua raia kwa maelfu chini ya jenerali wao Graziani. Graziani alishtakiwa baada ya vita kwa kushirikiana na Wajerumani sio kwa ya Uhabeshi, akapewa miaka 19 akatoka baada ya miezi 4, na 2012 kijiji cha Affile kikamjengea mnara. Haile Selassie alipiga kelele mpaka akachoka.

Muyeye_Boy
Unaona sasa! Katana umekuja upande wangu.

Katana_Msabaha
Sijaja. Wewe unasema kwa kuwa wale waliachwa na hawa waachwe. Mimi nasema wale hawakufaa kuachwa.

BiMwenye
Tukizungumza Waitalia mbona hamzungumzii piza zao, mimi nimekaa na njaa tangu posti ya kwanza.

Kiwandeo
Bi mkubwa usitupoteze 😄 turudi. Na sisi Waafrika tumewahi kumhukumu wetu ama lazima tungoje The Hague?

Wakili_wa_Mtaani
Tumewahi. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad. Alikimbilia Senegal 1990, akakaa Dakar kama mtu mwema, anajulikana msikitini, anasaidia watu mtaani. Walioteswa kwenye jela zake wakaanza kumfuata na kesi 2000, Senegal wakawa wanazungusha, mpaka mahakama maalum iliyoundwa na Umoja wa Afrika na Senegal ikamhukumu kifungo cha maisha Mei 2016. Siku kesi ilipoanza walimbeba kumuingiza kortini kwa sababu alikuwa akipiga kelele hataki. Alikuwa na miaka 70 na kidogo. Akafa 2021 kwa korona akiwa bado anatumikia. Waliosukuma kesi ile ni wajane na wafungwa wa zamani, sio serikali.

Mtu_wa_Barani
Mimi nina swali la pesa ambalo mmelipita. Mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa Khmer Rouge, kundi lililotawala Kambodia kwa mauaji miaka ya 70, ilitumia zaidi ya dola milioni 300 na miaka zaidi ya 15, waliohukumiwa mpaka mwisho ni watatu. Ieng Sary, mmoja wa wakubwa hao, alikufa kesi iko katikati, mkewe Ieng Thirith akatolewa kwa kupoteza akili. Watu watatu kwa dola milioni 300 na waliokufa nchi ile ni milioni 1 na nusu ama zaidi. Hapo Muyeye_Boy anayo hoja, msimtupe.

BiMwenye
Hoja ipo ya kuanza mapema, ya kutoanza kabisa sijaiona. Zile pesa ni nyingi kwa sababu walichelewa miaka 30.

Barawani91
Na hapa Kenya? Wagalla huko Wajir, Februari 1984. Wanaume walikusanywa uwanja wa ndege wakavuliwa nguo wakawekwa juani siku kadhaa, waliokimbia wakapigwa risasi. Serikali ilisema 57, manusura wanasema ni mamia kwa mamia. Ripoti ya tume ya ukweli ikakabidhiwa Mei 2013, 2015 rais akaomba msamaha bungeni, na mpaka leo hakuna aliesimama kizimbani. Waliotoa amri kama wako hai ni wazee sana sasa. Tukisema wazee waachwe basi tumeifunga Wagalla leo, hapa hapa kwenye uzi huu.

Muyeye_Boy
Kwa Wagalla nataka wasimame. Nikubali hapo. Kuwafunga ndio bado nakataa, wasimame waseme tu, halafu warudi nyumbani na aibu yao.

Ustadh_Pwani
Hio ni karibu na ule utaratibu wa Kabuga uliokataliwa, umefika huko mwenyewe bila kujua.

Wakili_wa_Mtaani
Na Furchner kwa kweli aliishia hivyo, alihukumiwa Desemba 2022 na korti ya watoto kwa sababu alikuwa na miaka 18 na 19 wakati wa makosa, akapewa miaka 2 bila kuingia jela. Alifariki mwanzo wa 2025 akiwa nje ya jela. Manusura waliotoa ushahidi wengine walisema jela haikuwa haja yao. Wengine walisema ni kidogo mno.

Nahodha_Mstaafu
Mimi nabaki na ushahidi. Mtu akihukumiwa kwa makaratasi, sawa. Kwa kidole cha mtu alieumia miaka 60 iliopita, hapana, na hili nalisema nikimheshimu bibi wa mwenzetu.

Mwana_Rasini
Nahodha sijakasirika. Nimekwenda kumuuliza bibi leo, kasema anataka yaandikwe. Mzee mwenyewe ashakufa kwa hivyo korti hakuna, lakini anataka jina la kakake liwe mahali. Nianzie wapi?

Wakili_wa_Mtaani
Rekodi kwa simu, mwanzo aseme jina lake, tarehe ya leo na mahali mlipo. Muache aseme kwa Kibajuni chake, usimtafsirie ndani ya rekodi. Weka nakala kwa watu wawili tofauti. Na kama kuna mtu mwengine aliekuwa kwenye mashua ile yu hai, mrekodi peke yake, wasikae pamoja.

Kiwandeo
Faza wapo wazee wa wakati huo, nitaulizia wiki hii nikipanda boti.

Kadzo_Wodini
Mwana_Rasini, muulize asubuhi baada ya chai, usingoje jioni, wazee wengi jioni huchoka na mambo yakachanganyika. Usimtajie jina la yule mzee wala kumuonyesha picha yake, mwache alitaje mwenyewe kama atalitaja. Na akinyamaza, nyamaza nawe, usimkimbize, zima simu mkale mrudi kesho.

Muyeye_Boy
Ukihitaji mtu wa kushika simu mimi niko Muyeye, nakuja.